Pale Mathayo Anaponyamaza

Ndugu zangu, tuanze kwa kufungua kitabu. Mathayo sura ya 1, mstari wa 18 hadi wa 25. Mmoja asome kwa sauti, taratibu, kisha mwingine arudie.

Mmesikia. Mistari minane. Sasa niambieni, Mariamu amesema nini? Hakusema kitu. Na Yusufu? Naye kimya. Tunaambiwa alikuwa mtu wa haki, hakutaka kumwaibisha mchumba wake, akaazimu kumwacha kwa siri. Anayezungumza ni malaika peke yake. Pitieni Injili yote ya Mathayo, hamtakuta neno hata moja lililonukuliwa kutoka kinywani mwa Mariamu wala mwa Yusufu. Ule wimbo wa "Moyo wangu wamwadhimisha Bwana" uko kwa Luka. Kila Noeli tunasimuliwa Mathayo na Luka kwa pamoja, hata ukimya huu hatuusikii tena.

Mwaka 1964 mwongozaji wa Italia, Pier Paolo Pasolini, alitoa filamu iitwayo Il vangelo secondo Matteo, yaani "Injili kadiri ya Mathayo". Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, dakika 137, na maneno ya wahusika yametoka katika Injili hiyo. Aliipiga kusini mwa Italia, pamoja na mji wa mawe wa Matera, na watu wengi mnaowaona humo si waigizaji wa kazi. Yesu ni mwanafunzi kutoka Hispania, Enrique Irazoqui. Mariamu wa miaka ya baadaye ni Susanna, mama mzazi wa Pasolini.

Inavyoanza: uso wa msichana, hasemi. Uso wa mwanamume, hasemi. Kamera inarudi nyuma, na ndipo tunaona kwamba yule msichana ni mjamzito. Yusufu anageuka, anaondoka. Hakuna anayemlaumu mwenzake na hakuna anayejitetea. Neno la kwanza kutamkwa ni la malaika, kama ilivyoandikwa. Pasolini hakuziba pengo la Mathayo kwa maneno aliyoyatunga. Aliweka nyuso mbili, akatuacha tuzitazame. Kwa maoni yangu dakika hizo chache zinamweleza "mtu wa haki" kuliko mahubiri mengi.

Sasa namna ya kuitazama filamu hii katika kikundi. Watu 10 hadi 15 wanatosha, dakika 90. Kosa la kwanza, na ndilo linaloua vikundi vingi, ni kuonyesha filamu nzima. Zikiisha dakika 137 watu wamechoka, wanatafuta usafiri, na mazungumzo yanabaki kuwa "ilikuwa nzuri". Chagueni kipande cha dakika 5 hadi 8. Someni andiko kwanza, mara mbili. Tazameni kipande. Kaeni kimya dakika 2, mkizipima kwa saa. Tazameni tena kile kile. Ndipo mwulize swali la kwanza, nalo liwe: umeona nini? Si umejifunza nini. Mtu aseme: nimeona mikono, nimeona ukuta, nimeona hakugeuka nyuma. Mkianza na mafunzo, mzoefu wa kuhubiri atashika usukani na wengine watanyamaza hadi mwisho.

Kosa la pili ni kuanza na wasifu wa mwongozaji. Pasolini alikuwa mfuasi wa Marx, mwanafalsafa wa ukomunisti, na hakujitangaza kuwa muumini. Ukilisema hilo mapema, nusu ya watu watatazama wakitafuta uzushi. Liseme baadaye, na ulitaje pamoja na mambo haya: aliisoma Injili Oktoba 1962 akiwa Assisi, mgeni wa jumuiya ya Kikatoliki, siku Papa Yohane XXIII alipouzuru mji huo, na filamu yenyewe aliitoa kwa kumbukumbu ya Papa huyo, aliyefariki 1963. Hapo kikundi kitakuwa na swali la kweli mikononi: asiyeamini anaweza kukisoma kitabu chetu kwa uaminifu kutuzidi?

Kipande kingine kinachofaa ni hukumu ya Yesu. Watazamaji hulalamika kwamba kamera iko mbali, vichwa vya watu vinaziba, hawaoni vizuri. Rudini Mathayo 26:58, Petro "akamfuata kwa mbali". Tumewekwa aliposimama Petro.

Kuhusu muziki nitakaa kidogo, maana hapa tunafika karibu na nyumbani. Filamu inafunguka kwa ngoma na sauti za Kiafrika. Huo ni wimbo wa "Utukufu" (Gloria) wa Missa Luba, misa iliyozaliwa Kamina, Katanga, huko Kongo, nchi ya Waluba ambako Kiswahili pia ni lugha ya watu. Ilirekodiwa 1958 na kwaya ya wavulana na walimu chini ya Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji. Maneno ni ya Kilatini, kwani Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliofungulia njia lugha za watu, ulianza baadaye, 1962. Lakini uimbaji ni wa Waluba: mwimbishaji anaita, wengine wanapokea, ngoma inatembea chini yao. Nota hazikuandikwa kwanza; waliitunga kwa kuimba.

Usikilizeni "Utukufu" huo mara tatu. Haufiki dakika 3. Mara ya kwanza macho yafumbwe. Mara ya pili fuateni ngoma peke yake, na ndiyo sababu simu haifai: spika yake ndogo hutoa sauti za juu, ngoma za chini zikapotea. Tafuteni spika kubwa, hata ya kuazima. Mara ya tatu shikeni maneno, Kilatini upande mmoja, "Utukufu kwa Mungu juu mbinguni" upande wa pili. Kisha waulize wazee wa kwaya kama wanakumbuka ngoma zilipoanza kuingia kanisani kwao, na nani alipinga. Mtashangaa mazungumzo yatakavyowaka.

Wimbo huo unarudi mwishoni, Mathayo sura ya 28. Wanawake wako kaburini, jiwe linaanguka, ngoma za Kamina zinalipuka, watu wanakimbia. Mathayo hakuandika kwamba kulikuwa na muziki asubuhi ile. Aliandika kwamba wanawake waliondoka upesi, "kwa hofu na furaha nyingi". Tutakapotazama sasa hivi, sikilizeni kama hofu nayo imo katika zile ngoma, au ni furaha tupu.

Haya, ndugu uliye karibu na swichi, tuzimie taa.