Wakala wa chama na jarida lake: Uingereza ya Malkia Victoria

SALMA: Karibuni tena. Idi, leo nasikia umetuletea jarida la mawakala wa vyama.

IDI: Ndiyo, dada Salma. Linaitwa The Liberal Agent, lilianza 1895. Wasomaji wake ni mawakala wenyewe, waajiriwa wa chama cha Liberal majimboni.

SALMA: Mimi wakala ninayemjua anakaa kituoni siku ya kura, akipewa posho yake basi. Jarida zima la nini?

IDI: Wale walikuwa kazini mwaka mzima, na kazi yenyewe hasa ilikuwa daftari la wapiga kura. Kila mwaka linapitiwa upya, mwanasheria anakaa kusikiliza madai na pingamizi. Mpangaji wa mjini, tangu 1867, alipata kura kama vyumba vyake, bila samani, vina thamani ya pauni 10 kwa mwaka, na amekaa humo miezi 12. Halafu aombe upya kila mwaka!

SALMA: Fundi viatu gani atayakumbuka yote hayo?

IDI: Hakumbuki. Wakala ndiye anamfuata na fomu, akishajua ni mtu wake. Akiwa wa upande wa pili, anamtafutia sababu ya pingamizi.

SALMA: Mbona mchezo unaisha kabla kampeni haijaanza!

IDI: Ndiyo hapo. Aliyepokea msaada wa maskini, kwa mfano, alipoteza kura. Ilipofika 1885 sheria ikasema matibabu ya msaada peke yake hayamfuti tena. Wakala asiye na habari hiyo anaacha watu wake wanakatwa hivi hivi.

SALMA: Zamani nani alifanya kazi hii?

IDI: Mawakili wa mjini, kama kibarua cha pembeni. Kilichobadili mambo ni sheria ya 1883, ya Mwanasheria Mkuu Henry James. Uchaguzi wa 1880 ulikuwa umejaa rushwa, pombe, bendi, magari ya farasi ya kukodi...

SALMA: Takrima!

IDI: Takrima tupu. Basi 1883 wakaweka ukomo wa matumizi ya kampeni. Jimbo la mjini lenye wapiga kura 8,000, mwisho pauni 560. Malipo karibu yote yapite kwa wakala mmoja, na hesabu iwasilishwe ndani ya siku 35. Wakala akivunja sheria, mbunge anaweza kunyang'anywa kiti hata kama hakujua lolote.

SALMA: Kwa hiyo mgombea anaweka shingo yake mikononi mwa karani.

IDI: Karani anayelazimika kujua sheria kuliko bosi wake. Ndiyo maana mimi siwaiti wapambe. Mawakala wa chama pinzani, Conservative, nao waliunda umoja wao wa kitaaluma 1891, wakati wakala wao mkuu ni Kapteni Richard Middleton.

SALMA: Na wa kugonga milango? Si walilipwa?

IDI: Sheria hiyohiyo ilipiga marufuku kuwalipa. Ikabidi watafutwe wa kujitolea. Conservative wakawapata wanawake wa Primrose League, jumuiya ya wafuasi wao iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1883.

SALMA: Subiri. Wanawake ambao hawana kura ya ubunge?

IDI: Haohao. Wanawaombea wanaume kura mlango kwa mlango, na wakala anawagawia mitaa.

SALMA: Bila hata nauli! Hapo Idi umenichokoza. Kipindi kijacho tunaanza na hao akina mama.