Kobalti iliyopimwa angani

Wazee, mama zetu, na ninyi vijana mliojaza viti vya nyuma, karibuni.

Hapa Lubumbashi kobalti haihitaji utangulizi. Kila nyumba ina ndugu au mpangaji anayekula kwayo: anachimba, anaosha, au anapakia lori la Kasumbalesa. Jioni hii nazungumzia kobalti iliyopatikana bila sepetu, kwa kutazama juu na kuandika namba.

Februari 1987 ilionekana nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo umbali wa miaka ya nuru kama 168,000. Ian Shelton aliikuta kwenye sahani ya picha aliyopiga usiku huo kule kituo cha kutazama nyota cha Las Campanas, Chile. Oscar Duhalde, aliyekuwa kituo hichohicho, aliiona kwa macho matupu. Albert Jones wa New Zealand naye akaiona akiwa katika shughuli yake ya kila usiku, kukadiria mwangaza wa nyota. Jones hakulipwa na kituo chochote. Alipenda tu, na maishani mwake aliandika makadirio zaidi ya 500,000.

Supernova hiyo, 1987A, ilizidi kung'aa hadi Mei, ikafika karibu daraja la 3 la mwangaza, kisha ikaanza kufifia. Ndipo walioipima wakaona jambo: baada ya muda ilishika mwendo mmoja wa kushuka, daraja moja hivi kila siku 100. Kwa nini? Mlipuko ulizaa nikeli-56, aina ya nikeli isiyodumu. Kila siku 6 nusu ya nikeli hiyo hugeuka kobalti-56, na kila siku 77 nusu ya kobalti hiyo hugeuka chuma. Nishati ya mgeuko huo ndiyo iliyokuwa ikiyawasha mabaki ya nyota. Mstari uliochorwa kutoka kwenye madaftari ulikuwa ni kobalti yenyewe ikiisha! Kwa kupiga hesabu kurudi nyuma, nikeli ya mwanzo ilikuwa kama asilimia 7 ya uzito wa Jua, yaani uzito wa Dunia zaidi ya 20,000. Msipange safari ya Kolwezi kuitafuta, lakini. Ile ya kwenye mifuko yetu ni kobalti-59, ambayo haigeuki.

Sasa, namba zenyewe hupatikanaje? Katika madaraja ya mwangaza, namba ndogo ni nyota kali, na madaraja 5 ni tofauti ya mara 100. Darubini haikuandikii namba. Jicho ndilo linalolinganisha. Shikeni chati hizi za nyota, namba kando ya nyota ni daraja lake. Penye 52 someni 5.2: nukta imeachwa makusudi, kwani mtu angeidhania nyota. Ukiona nova, yaani nyota iliyolipuka juujuu, ni hafifu kuliko nyota ya 52, kwa robo ya pengo la kufikia ile ya 60, andika 5.4. Nova huweza kuwa nyekundu, na nyota nyekundu ukiikodolea macho huzidi kung'aa machoni mwako, kwa hiyo tupa jicho haraka. Tena chagua nyota za kulinganishia zilizo kimo kimoja na nova, hasa Agosti na Septemba moshi wa nyasi zinazochomwa unapotanda karibu na upeo.

Kometi ina matata zaidi, kwani nuru yake imesambaa kama ukungu. Tazama kometi ikiwa wazi, shika sura yake akilini, kisha zungusha kirekebishi cha darubini hadi nyota zivimbe zilingane na kichwa cha kometi, ndipo ulinganishe. Darubini kubwa mara nyingi huifanya kometi ionekane hafifu kuliko ilivyo, kwa hiyo hapa mwenye darubini ndogo ya macho mawili asijidharau.

Usiandike namba bila saa. Sisi tuko saa mbili mbele ya saa ya dunia: saa 2 usiku hapa ni 18:00, na kwa taarifa za kometi tarehe 14 saa hiyo huandikwa 14.75, maana robo tatu ya siku imepita.

Mama wa mbele ameuliza kama kuna jambo la kungojea. Lipo. T Coronae Borealis ni nyota mfu ndogo inayofyonza gesi ya mwenzake. Gesi ikirundikana, hulipuka juujuu na nyota yenyewe inabaki. Ililipuka 1866, ikarudia 1946. Kwa kawaida ni daraja la 10, ikilipuka hufika kama la 2, yaani huhitaji hata darubini. Juni na Julai jioni iko kaskazini, juu ya kutosha. Usipoiona, usifunge daftari: andika nyota hafifu kuliko zote uliyoiweza mahali pale, tuseme "hafifu kuliko 6.2", na saa yake. Ikishalipuka, watu watatafuta nani aliangalia saa chache kabla akakuta kimya, maana hapo ndipo mwanzo wa mlipuko unapopimwa.