Kosa moja, hukumu mbili: maskini wa Virginia

Haya jamani, wale wa nyuma sogeeni huku mbele, nafasi bado zipo. Leo tunaongea kuhusu Virginia ya miaka ya 1600, Marekani yenyewe bado haijazaliwa, ni koloni la Mwingereza tu na zao ni moja, tumbaku.

Naanza na kesi. Mwaka 1640 vibarua watatu wa bwana mmoja walitoroka wakakimbilia koloni jirani la Maryland, mmoja Mholanzi, mmoja Mskoti, wa tatu mtu mweusi anaitwa John Punch. Wakakamatwa, wakarudishwa, kila mtu viboko 30, mpaka hapo sawa kwa sawa. Halafu mahakama ikasema wale wazungu wawili waongezewe miaka minne ya kazi, na John Punch atumikie maisha yake yote. Yani wametoroka pamoja, bwana yuleyule! Mi kila nikiisoma hii kesi nasimama hapo kwanza.

Sasa hawa vibarua walikuwa kina nani? Wengi ni vijana maskini wa Uingereza, nauli ya meli hawana, kwa hiyo unasaini mkataba unafanya kazi bila mshahara miaka minne mpaka saba, na wengi walikufa kwa homa kabla mkataba haujaisha. Na hapa ndo utaona ujanja wa mfumo: kila aliyemlipia mtu nauli alipewa ekari 50, sa ukileta vibarua kumi una ekari 500, ardhi waliyonyang'anywa wenyeji wa pale, watu wa Powhatan. Tajiri anapata mikono ya kulima na shamba la kulima kwa mpigo mmoja. Kibarua akimaliza mkataba anakuta ardhi nzuri za kando ya mito, kule meli zinakopakia tumbaku, zote zina wenyewe, na mwaka 1670 wakamnyima hata kura kama hana mali.

Ila mwanzoni rangi haikuwa imefunga kila mlango. Anthony Johnson, Mwafrika aliyeletwa 1621, alipata uhuru wake na kufika 1651 alikuwa na ekari 250. Na inauma kusema lakini lazima isemwe, naye alimshikilia mtu mweusi mwenzake kama mtumwa.

1662 wakapitisha sheria mtoto afuate hali ya mama. Kwa Waingereza mtoto siku zote alifuata baba, hapa wakageuza, kwa hiyo bwana akizaa na mtumwa wake anajiongezea watumwa, damu yake mwenyewe!

Halafu 1676 uasi wa Bacon, yani Nathaniel Bacon aliyeongoza watu kumpinga gavana wa koloni. Tusimpambe huyu Bacon, alikuwa mwenye mali na alichotaka hasa ni kuwapiga wenyeji awachukulie ardhi, lakini nyuma yake walijaa vibarua na watumwa, weusi kwa weupe, wakauchoma mji mkuu wa Jamestown. Bacon akafa kwa ugonjwa, wengine wakasalimu amri, ila kundi la mwisho lililokataa kabisa kuweka silaha chini walikuwa weusi kama 80 na Waingereza kama 20, wako pamoja. Matajiri waliliona hilo kwa macho yao.

Baada ya hapo watumwa wakazidi kuletwa kutoka Afrika, vibarua wa kizungu wakapungua, na 1705 ikaja sheria ndefu. Kibarua mzungu asivuliwe nguo na kuchapwa bila amri ya hakimu, akimaliza mkataba apewe mahindi, shilingi 30 na bunduki. Mtumwa asishike silaha. Na kuna kifungu kimoja naomba mkisikilize vizuri: farasi, ng'ombe na nguruwe wa mtumwa, wale aliowafuga mwenyewe kwa jasho lake, wakamatwe, wazee wa kanisa wawauze, na hela igawiwe maskini wa parokia. Ardhi ya matajiri haikuguswa hata ekari moja, maskini akapewa nguruwe wa mtumwa.