Jinsi ya kusoma kontena na BL (bill of lading, hati ya mzigo wa meli) kabla hujatuma hela, kwa sisi tulio Dodoma

Habari zenu wapendwa, karibuni, leo niko Kizota hapa Dodoma na nyuma yangu mnaona kontena la futi 20, saa hizi ni duka la misumari na mabati lakini huko nyuma limekula bahari sana hili, nimemuomba mwenye duka afunge milango dakika chache tusome maandishi yake. Video hii ni ya wale mnaoagiza mzigo China au Dubai mkiwa huku kati, maana bahari hatuna ila maneno yake yanatukata hela kila siku.

Hatua ya kwanza, tazama huku juu, mlango wa kulia. Kuna herufi nne, namba sita, halafu namba moja iko peke yake kwenye kiboksi, mnaiona? Herufi tatu za mwanzo ni za mwenye kontena, ya nne ni U. Ile ya kwenye kiboksi inatokana na hesabu ya herufi na namba zote zilizotangulia, kwa hiyo karani akikosea tarakimu moja hesabu inagoma. Mwambie muuzaji akishapakia akupigie picha ya mlango umefungwa na namba ya lakiri, yaani sili ya mlango, isomeke, usikubali maneno matupu. Hapa chini TARE ni uzito wa kontena tupu, na MAX GROSS ni uzito wa mwisho, kontena pamoja na mzigo wake, hili wameandika kilo 30,480. Ila usijaze mpaka hapo kwa sababu tu kontena linaruhusu, lori nalo lina kipimo chake na mizani ya Vigwaza inakusubiri.

Kama unachangia kontena na wenzako utalipa kwa CBM, hiyo ni mita za ujazo tu. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni 0.12, zikiwa 25 ni CBM 3. Pima mwenyewe kwa futi kamba.

Sasa BL. Hii ndio risiti ya mzigo kupokelewa melini, na ile orijino ndio inayokutambulisha kuwa mwenye mzigo, kwa hiyo itunze kama hati ya kiwanja. Soma sehemu ya konsainii, yaani mpokeaji, jina lifanane herufi kwa herufi na la kwenye TIN yako. Mimi langu lilipungua herufi moja, nikaona dogo, mzigo ukakaa bandarini huku nabembeleza marekebisho kutoka kwa watu waliolala mimi nikiwa macho, na siku zinahesabiwa. Omba drafti uisome kabla haijatoka orijino, jamani, omba drafti!

Kwenye bei, FOB maana yake muuzaji anaishia mzigo ukishapanda meli kwao, nauli ya meli na bima ni zako. CIF amelipa nauli na bima mpaka bandari iliyotajwa, na ikitajwa Dar es Salaam ni Dar es Salaam, zile kilomita 450 hivi za kuja huku hazimo. Na ushuru wa forodha unapigwa kwenye CIF, kwa hiyo ukinunua FOB usishangae wakiongeza nauli na bima kwanza ndipo wapige hesabu.

Hapa ndipo nataka mtulie. Kontena likizidisha siku za bure bandarini, kampuni ya meli inakudai demareji, na bandari nayo inakudai storeji, hizo ni mbili tofauti. Likishatoka linaanza ditenshen, yaani unakaa na kontena la watu hujarudisha tupu, na sisi wa Dodoma ndio inatuuma maana lori linapanda, linashusha, halafu tupu lirudi tena Dar. Ndio maana wengi wanashushia mzigo Dar wanahamishia kwenye Fuso. Uliza siku za bure ni ngapi na zinaanza kuhesabiwa lini, meli ikitia nanga au kontena likishushwa, upewe kwa maandishi.

Haya, fundi kaja anataka misumari, tumfungulie mwenye duka mlango. Ukiwa na BL yako mkononi na kuna neno limekukwamisha niandikie hilo neno hapa chini.