Umefika Lamu ipi? Majina yanapogongana ndani ya Django

Assalaam alaykum. Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliopanga kompyuta zenu hapo mbele kana kwamba nimekuja kuzitengeneza, ahsanteni kwa kuja na jua hili la alasiri.

Nianze nje ya kompyuta. Mtu akimpigia simu nduguye aliye Mombasa amwambie "nimefika Lamu", amefika wapi? Huenda yuko Mpeketoni, maana Lamu ni kaunti. Huenda yuko Shela, maana Lamu ni kisiwa. Au yuko hapa hapa mjini, keshakaa barazani na kikombe cha kahawa, maana Lamu ni mji. Pate nayo vivyo hivyo, kisiwa na mji. Sisi hatubabaiki, tunauliza tu "Lamu wapi?" na mambo yanakwenda. Programu haiulizi. Ama inagoma, ama inachagua yenyewe na kunyamaza. Hiyo ya kunyamaza ndiyo inayonitia hofu, na nitaifikia.

Miaka michache nyuma nilikuwa nikimjengea mwenye nyumba ya wageni mfumo wa kuwekea vyumba nafasi. Nilitumia Django, kiunzi cha lugha ya programu ya Python cha kutengenezea tovuti, kilichozaliwa kwenye chumba cha gazeti huko Kansas, Marekani, kikatolewa kwa umma mwaka 2005. Kazi ndani yake hugawanywa vipande vipande viitwavyo apu. Mimi nilikuwa na folda ya vyumba, na ndani yake apu ya malipo. Mfumo ukakaa vizuri, risiti zikatoka, mwenye nyumba akafurahi. Baadaye akanunua mashua ya kuwapeleka wageni Manda Toto, akataka nayo ilipiwe humo humo. Nikafungua folda ya mashua, nikaweka ndani yake apu ya malipo. Kwenye faili la mipangilio, katika orodha iitwayo INSTALLED_APPS, ikawa hivi:

"vyumba.malipo",
"mashua.malipo",

Kwa macho yangu hayo ni majina mawili. Nikawasha seva, ikakataa kuwaka. Ujumbe ulisema lebo za apu hazipaswi kurudiwa, na iliyorudiwa ni malipo.

Nilikaa na hilo usiku mzima, kwa ukaidi tu. Kumbe Django huipa kila apu majina mawili. Moja ni njia kamili, vyumba.malipo. La pili ni lebo, na usipoitaja wewe, Django huchukua neno la mwisho la njia. Ni sawa na kumwita mtu Abdalla bila kumtaja babake, kisha ushangae watano wakigeuka. Na lebo hiyo si pambo. Ndiyo inayoingia kwenye majina ya majedwali ya hifadhidata: modeli yangu ya Risiti, yaani darasa linaloeleza data ya risiti, ilikuwa imekaa kwenye jedwali la malipo_risiti. Ndiyo inayotumika kwenye ruhusa za watumiaji na kwenye kumbukumbu za migresheni, zile hatua za kubadilisha muundo wa hifadhidata. Apu mbili zenye lebo moja zingegombea jedwali moja, risiti za mashua na za vyumba zichanganyike. Kwa hiyo ule mgomo wa seva niliokuwa nikiulaani ulikuwa ukinilinda.

Dawa ni fupi. Ndani ya apu ya malipo ya mashua, kwenye faili la apps.py, unaandika:

class MalipoYaMashua(AppConfig):
    name = "mashua.malipo"
    label = "mashua_malipo"

Basi. Njia inabaki ilivyo, lebo inakuwa nyingine, na jedwali litaitwa mashua_malipo_risiti. Darasa hili la AppConfig lilikuja na toleo la 1.7 mwaka 2014. Kabla ya hapo ulilazimika kubadilisha jina la folda yenyewe.

Sasa mnaniuliza kwa macho: kwa nini nilibadilisha ya mashua, si ya vyumba? Kwa sababu ya vyumba ilikuwa na data. Ukibadilisha lebo ya apu iliyokwisha kufanya kazi, Django haitakubadilishia chochote kwenye hifadhidata. Itatafuta majedwali ya jina jipya, haitayaona, na itadhani migresheni hazijafanywa. Utalazimika kubadilisha mwenyewe majina ya majedwali, kisha safu ya app katika jedwali la django_migrations, kisha app_label katika django_content_type, na uwe umeweka nakala ya hifadhidata kabla hujagusa lolote. Kazi hiyo nimeifanya mara moja, sina hamu nayo. Mwenye data abaki na jina lake, mgeni ndiye atafutiwe lingine.

Kuna mtego mwingine mnaoupenda sana nyinyi vijana. Unatengeneza apu ya ujumbe unaiita messages, au ya wasimamizi unaiita admin. Hizo lebo tayari ni za apu zinazokuja na Django. Ziite jumbe, wasimamizi. Sisemi hivyo kwa mapenzi ya lugha peke yake, ingawa mapenzi yapo. Jina, au ina kama wasemavyo wazee wetu wa Amu, likiwa la Kiswahili halitagongana na la fundi wa Chicago. Litagongana na la jirani yako hapa Langoni, lakini huyo unaweza kumwendea mkazungumza.

Nije kwenye ule mgongano wa kunyamaza. Violezo vya kurasa, zile faili za HTML, kila apu huziweka kwenye folda yake ya templates. Folda za vyumba na mashua zenyewe nazo zilikuwa apu, na mimi nilikuwa na orodha.html kwenye apu ya vyumba na orodha.html kwenye apu ya mashua. Seva ikawaka bila neno. Mgeni akabonyeza safari za mashua, akaletewa ukurasa wa vyumba. Django hupita apu kwa mfuatano wa ile orodha ya mipangilio na kuchukua faili ya kwanza inayolingana. Ya pili haijui hata kama ipo. Mwenye nyumba ndiye aliyenipigia simu, na sauti yake sitaiigiza hapa.

Suluhisho lake linachekesha kulitazama: mashua/templates/mashua/orodha.html. Mashua mara mbili! Lakini sasa unaita "mashua/orodha.html" na hakuna wa kukosea. Faili za mitindo na picha, fanya vivyo hivyo. Majina ya anwani nayo, weka app_name = "mashua" kwenye faili la anwani za kurasa (urls.py), kisha uite "mashua:orodha".

Dada pale nyuma anauliza: je, apu zote mbili zenye lebo moja zikiwa za watu wengine, nimezipakua tu? Swali zuri, na gumu. Unaweza kuandika AppConfig yako mwenyewe, name ielekee kwenye kifurushi chao, label uweke yako, na kwenye INSTALLED_APPS utaje njia ya darasa lako. Lakini migresheni zao zimeandikwa zikitajana kwa lebo ya zamani, kwa hiyo zitakwama. Hapo unatengeneza migresheni zako na kuonyesha zilipo kwa MIGRATION_MODULES kwenye faili la mipangilio, na kila wakitoa toleo jipya unaanza kulinganisha upya. Mimi nikifika hapo hutafuta kifurushi kingine.

Magharibi bado kidogo. Fungueni mipangilio yenu, msome neno la mwisho la kila mstari kwenye INSTALLED_APPS. Mwenye mawili yanayofanana anyooshe mkono, nakuja.