"Nice" Si "Nzuri" Kila Mahali

Walimu wenzangu wa Mtwara mjini, nanyi mliotoka Newala, Tandahimba na Masasi: wakubwa zangu shikamooni, vijana hamjambo. Nimeombwa nizungumzie kivumishi kimoja tu cha Kiingereza, "nice". Ndicho kinachojaa kwenye madaftari ya wanafunzi wetu, nami naamini kinawanyima maneno mengine wanayoyahitaji.

Tuanze na salamu. Mwalimu anaingia darasani, anauliza, "How are you?" Wapo watoto watakaojibu, "I am nice." Tunawasahihisha, tunaandika "fine" ubaoni, kesho wanarudia yaleyale. Sababu imo kwenye Kiswahili chetu. Ukiulizwa "Habari za asubuhi?" unajibu "Nzuri", na hapo unasifia habari, hujajisifu mwenyewe. Mtoto anaichukua "nzuri" hiyo, anaigeuza "nice", anajivisha. Kwa Mwingereza amesema, "Mimi ni mtu mwenye tabia ya kupendeza." Mwelezeni hivyohivyo, kwa Kiswahili, ajue alipoteleza wapi.

Kwa watu mambo yanazidi ugumu. Ukisema "msichana mzuri" pale Shangani, wanaokusikia wanafikiria sura. "A nice girl" ni tabia: mpole, mwenye adabu, asiyemdharau mtu. Sura ina maneno yake, "pretty" na "beautiful". Na neno letu "mwema" nalo ni zito kuliko "nice". Mtu mwema utamwona kwako siku ya msiba. Aliye "nice" huenda amekuchangamkia dukani tu. Uzito huu kamusi ndogo za shuleni haziuonyeshi, kwa hiyo kazi inabaki kwetu.

Sasa asili yake. Kilatini kilikuwa na "nescius", yaani asiyejua: "ne" ni kikanushi, "scire" ni kujua. Kifaransa cha kale kikapata "nice", mjinga. Wanormani, waliosema Kifaransa, waliivamia Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa kikaingiza maneno mengi kwenye Kiingereza. Kufikia miaka ya 1300 Waingereza walikuwa wakimwita mtu "nice" wakimaanisha mpumbavu! Baadaye likawa mwenye haya, kisha mchaguzi asiyeridhika upesi, kisha makini. Maana ya kupendeza ilishika katika karne ya 18. Ile ya umakini haijafa: "a nice distinction" ni tofauti ndogo sana, inayotaka jicho kali. Mwanafunzi wa kidato cha sita akiifasiri "tofauti nzuri", amepotea.

Neno "silly" lilikwenda kinyume chake. Zamani lilikuwa mwenye heri, leo ni mpuuzi.

Lakini nawasihi, asili isiwe fimbo. Wapo wanaodai kwamba kumwita mtu "nice" ni kumtukana kwa siri. Si kweli. Maana wanaiweka wale wanaolitumia neno sasa. Tazameni "rahisi" yetu: Kiarabu kilitupa maana ya kisicho ghali, nasi tukaibakiza kwenye "bei rahisi", kisha tukasema "mtihani rahisi". Nani anakosea?

Juu ya mpangilio nitasema kidogo. Kiingereza hutanguliza maoni kabla ya ukubwa, "a nice big house", na nomino inakuja mwisho. Sisi tunaanza na nyumba.

Ninalolitaka zaidi ni hili. Mtoto wa mkulima anaandika, "Our cashew nuts are nice." Baba yake hawezi kwenda na neno hilo ghalani. Yeye atasema korosho ni kavu, ukizitikisa zinalia, zimejaa, hazina ukungu wala mchanga. Mtoto anayajua yote hayo, ameanika korosho tangu mdogo. Mwacheni ayaseme kwanza kwa Kiswahili, kisha mpeni "dry", "full", "clean". Akienda Feri kutazama samaki, afanye vivyo hivyo: macho angavu, mashavu mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Hapo ana Kiingereza cha kusemea kitu anachokifahamu.

Karatasi mlizogawiwa zina insha tatu. Pigeni mstari chini ya kila "nice", halafu tujadiliane ipi ing'oke. Kwenye insha ya pili ipo moja nitakayoitetea: ya yule bibi aliyempokea mgeni asiyemjua na kumtengea ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoila huku kwetu. Pale "nice" imekaa mahali pake.