Hamali Yuko Wapi? Sindbad Katika Vitabu vya Picha vya Watoto

RUKIA: Asalaam aleikum msikilizaji, karibu tena. Mimi Rukia.

SHAABANI: Na mimi Shaabani. Leo meza imejaa, dada.

RUKIA: Vitabu sita hivyo. Vyote vya Sindbad Baharia, vyote vya watoto, vyote vya picha. Vinne nimenunua, viwili nimeazima. Hebu nifungulie ukurasa wa kwanza wa kila kimoja, unisomee picha.

SHAABANI: Haya. Hiki, jahazi. Hiki, jahazi tena, na wimbi limesimama kama ukuta. Hapa yule ndege, Rukhu, kamshika tembo kwa kucha. Jahazi. Jahazi. Na hiki cha mwisho ni Sindbad mwenyewe, kilemba na upanga.

RUKIA: Upanga, na yeye ni mfanyabiashara! Sasa niambie, hamali yuko wapi?

SHAABANI: Hamali... hayumo. Ngoja. Hayumo hata kimoja.

RUKIA: Ndicho kilichonileta leo. Hekaya yenyewe, ile ya Kiarabu ya Alfu Lela Ulela, haianzii baharini. Inaanzia Baghdad, enzi za khalifa Harun al-Rashid, siku ya jua kali, na mtu kajitwika mzigo wa watu. Jasho linamtiririka. Anapita mbele ya nyumba ya tajiri, mlangoni pamefagiliwa na kunyunyizwa maji, kuna kaupepo, na pembeni kuna baraza. Anautua mzigo, anakaa apumzike.

SHAABANI: Kiarabu kinasema mastaba. Lakini mtoto wa Lamu au wa Mji Mkongwe ukimwonyesha atakwambia ni baraza, ameipita asubuhi akienda chuoni.

RUKIA: Na jina la mtu huyu ni Sindbad al-Hammal. Sindbad Hamali. Hata kutafsiri hatuhitaji! Kutoka ndani anasikia udi unapigwa na ndege wanalia, harufu ya chakula inamfikia. Basi anamwelekea Mungu kwa mashairi: sote tumetokana na tone moja, mbona huyu anastarehe nami nimechoka namna hii? Mwenye nyumba anasikia. Anamtuma kijana amwite. Jina lako nani? Sindbad. Na mimi Sindbad. Kaa ule, nikusimulie yaliyonipata kabla sijakalia kiti hiki.

SHAABANI: Safari saba, kila siku moja. Na kila akiaga, hamali anapewa vipande mia vya dhahabu.

RUKIA: Ukimtoa hamali, unabaki na mtu anayepigwa na dhoruba na kukimbizwa na majitu, basi. Sindbad anasimulia kwa sababu fukara kauliza swali mlangoni kwake. Na mtoto anayesikiliza hekaya amekaa palepale alipokaa hamali, anasikia pamoja naye.

SHAABANI: Nikubishie. Vitabu hivi vingi ni kurasa 32. Mimi nafundisha darasa la pili, nawajua. Mtoto anamtaka yule samaki mkubwa kama kisiwa. Ukianza na mtu aliyechoka, nusu ya darasa imeshageukia dirishani.

RUKIA: Nilifikiri hivyo pia. Juzi nikamsomea binti yangu, nikamwanzia na hamali kwa mdomo kwa kuwa kitabuni hayumo. Akanikatiza: "Mzigo wake una nini?" Tukaendelea. Tukafika kwenye kile kisiwa, watu wamewasha moto wapike, kumbe wako mgongoni mwa samaki, samaki kaungua kazama. Sindbad yuko majini, kang'ang'ania hori la mbao, miguu ndiyo makasia. Mimi nimepandisha sauti hapo! Yeye ananiuliza: "Hamali ameshakula?"

SHAABANI: Alikuwa bado yuko naye.

RUKIA: Tangu mwanzo. Hakumwacha.

SHAABANI: Basi hapo nimekubali. Na mimi nilikuwa na langu, linafanana na hilo. Mwaka jana nilisoma safari ya tatu darasani, ile ya jitu linalowachoma watu kwenye mshikaki wa chuma. Kitabu chenyewe sikitaji. Mtoto mmoja wa kiume, mpole sana, alinyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, mbona katika kitabu chote mweusi ni zimwi peke yake?"

RUKIA: Ulimjibu nini?

SHAABANI: Nilifunga kitabu. Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka minane. Nyumbani nikarudi kwenye maandishi, na kweli, Kiarabu kinalitaja jitu hilo kuwa jeusi. Lakini kinasema pia lina urefu wa mtende, macho kama vijinga vya moto, meno kama ya nguruwe mwitu. Mchoraji ana mtende, ana moto, ana meno. Kwa nini aishike rangi ya ngozi tu na kuwapaka weupe wote waliobaki? Mabaharia wa Bahari ya Hindi hawakuwa hivyo.

RUKIA: Na ushahidi wa picha upo. Mchoraji Yahya al-Wasiti, Baghdad, mwaka 1237, alizichorea picha Maqamat, visa vya mwandishi al-Hariri. Muswada wake uko maktaba ya taifa ya Ufaransa, Paris. Ndani yake kuna jahazi moja, nimelitazama mpaka macho yameuma. Abiria wanachungulia kwenye vidirisha, na juu, kazini, mabaharia weusi. Wameshika chombo. Hii ni karibu miaka mia nane iliyopita, kwa mkono wa mtu wa Iraq!

SHAABANI: Na mbao zimeshonwa. Mishono inaonekana ubavuni, kama mtepe wetu.

RUKIA: Umeiona!

SHAABANI: Nitaachaje? Babu yangu alikuwa fundi wa vyombo. Yule msafiri na mwandishi Tim Severin alipotaka kufuata njia za Sindbad, alijengewa chombo kule Sur, Oman, kikaitwa Sohar. Kilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, hakuna msumari. Kiliondoka mwaka 1980, mwaka uliofuata kikafika Guangzhou, China. Mchoraji akiweka misumari kwenye jahazi la Sindbad, mimi moyo unaniuma kweli.

RUKIA: Waarabu wenyewe walishawarudishia watoto wao hekaya hii. Kamil Kilani wa Misri, kitabu chake cha kwanza cha watoto ni Sindbad Baharia, mwaka 1927. Mwaka 1952 Cairo likaanza gazeti la watoto kwa jina hilohilo, Sindbad, likichorwa na Hussein Bikar. Mistari yake mitulivu, nyuso ni za watu unaoweza kukutana nao sokoni. Wachoraji wetu wa pwani wangeanzia hapo, kwa Bikar na kwa al-Wasiti. Baraza wanayo, hamali wanamwona bandarini kila siku.

SHAABANI: Mimi Jumatatu naingia darasani na karatasi tupu. Nitawasimulia pale mlangoni, wanichoree ukurasa unaokosekana.

RUKIA: Binti yangu ameshachora. Ninao hapa, tazama.

SHAABANI: Aa! Kamvisha kata kichwani, ya kanga. Na mzigo mkubwa kuliko nyumba. Na hizi pembeni?

RUKIA: Sahani mbili. Moja ya hamali.

SHAABANI: Msikilizaji, kama nyumbani unacho kitabu cha Sindbad ambacho hamali yumo, tutumie picha ya ukurasa wake. Wiki ijayo ni safari ya nne, pale Sindbad anapozikwa hai pangoni na mikate saba na mtungi wa maji. Mimi nasema watoto wasimuliwe yote. Dada Rukia hataki.

RUKIA: Sitaki yale ya mfupa, pale anapowaua wenzake kwa ajili ya mikate.

SHAABANI: Tutayazungumza.